Nyuzi Nene na Vidole vya Mkamuaji

Hakuna mtu shambani mwenye ncha za vidole laini kuliko mkamuaji. Watu hawaniamini nikiwaambia. Wanadhani kazi ya ng'ombe inakomaza mikono, na ni kweli inakomaza viganja na kuharibu vifundo, lakini ncha zenyewe haziachwi zikauke hata siku moja. Saa kumi alfajiri unazilowesha kwa maji ya moto, unazipaka mafuta ya kukamulia, unazibonyeza kwenye chuchu za ng'ombe kumi na wawili, unaziosha. Saa nane mchana unaanza upya. Ndivyo nilivyoishi miaka minne katika shamba la mzungu mmoja juu ya Njoro, mahali ambapo baridi ya Julai inakufanya uegemeze shavu kwenye ubavu wa ng'ombe na usione haya.

Na nilikuwa napiga gita. Hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Baba ndiye aliyetuleta pale kutoka upande wa Kakamega. Alikamua ng'ombe wa yule bwana tangu mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Alipokaribia miaka arobaini hakuweza tena kufunga kifungo cha shati lake. Vidole vilivimba kwenye maungio vikakataa kukunjika, na mama alimfungia vifungo kila asubuhi huku yeye ametazama ukutani. Bwana akamtoa kwenye kukamua akamweka kulinda kuku, na huko kwenye kuku akafa, bila ugonjwa ambao mtu angeweza kuutaja. Nikachukua ndoo yake. Nisingeichukua, mama angeambiwa aondoke shambani, na zile zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Tulikuwa tumeshuhudia majirani zetu wakipakiwa kwenye malori na vyungu vyao, nyumba zao zikabaki wazi, mbwa wakilala ndani. Asiye na barua ya kazi hakuwa na pa kusimama.

Kwa hiyo kila nilipoamka nilikunja vidole kwanza, kimoja baada ya kingine, kuona kama bado vinakunjika. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa na hofu isiyo na mfano, na sikumwambia mtu. Nilijua kwamba lolote nitakalolifanya kwa mikono hii, lazima nilifanye upesi, kabla ng'ombe hawajaimaliza.

Gita nililipata kwa askari mmoja wa kambi ya Gilgil aliyekuwa amelichoka. Lilikuwa dogo, la mbao nyepesi, lenye nyuzi nyembamba. Nilipiga kwa kidole gumba na kidole kimoja cha shahada, kama tulivyopiga wote siku zile, na nikitaka kupandisha sauti nilifunga kipande cha penseli shingoni kwa mpira wa tairi la baiskeli. Watu walisema nina mkono. Hata mimi niliamini.

Mwaka mmoja ambao mvua ilichelewa, zikaja habari kwamba wazungu wa santuri wamefika Nakuru na gari lenye mashine, wanatafuta wapiga gita. Niliomba ruhusa ya Jumapili kwa nyapara, nikapanda lori la maziwa. Walikuwa wamepewa ukumbi kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, na nje kulikuwa na foleni ya kila mtu aliyeweza kushika kitu chenye nyuzi. Zamu yangu ilipofika nilikalishwa kwenye stuli. Mzungu alikuwa nyuma ya blanketi lililotundikwa, amevaa vitu masikioni. Alinisimamisha kabla sijafika katikati ya wimbo, akasema jambo kwa karani wake, bwana mmoja aliyevaa tai, naye karani akanigeukia.

"Anasema mkono wako ni mzuri," aliniambia. "Lakini hiyo gita haisikiki. Ukianza kuimba imekwisha, tunasikia mdomo tu. Hizi si nyuzi, hizi ni za kushonea."

"Sasa nifanye nini?"

"Weka nyuzi nene. Tunaenda Kisumu, tutarudi hapa Jumapili ya tatu kutoka leo. Ukisikika, utaingia kwenye santuri. Usiposikika, basi. Hatupiti tena huku."

Sikungoja kesho. Nilikwenda mlango wa nyuma kwa fundi mmoja Mhindi aliyekuwa akitengeneza baiskeli, redio na cherehani katika chumba kimoja. Alikuwa na seti ya nyuzi nene zilizofungwa kwenye karatasi yenye grisi. Alilishika gita langu, akalipima uzito, akaligonga tumboni kwa kifundo cha kidole.

"Hii nyuzi ya gita kubwa, bwana. Yako dogo. Hii tavuta, tavuta, mwisho tang'oa mbao."

Nilimwambia anipe tu. Nilimwachia koti langu la mvua, ambalo lilikuwa la baba, nikarudi Njoro juu ya lori nimelowa chapachapa kwa mvua iliyochagua kuanza siku hiyo, nyuzi zikiwa zimefichwa kifuani.

Nilizifunga siku hiyo hiyo. Zilikuwa nene mno kwa vijinjia vya kile kifupa kinachopitisha nyuzi juu ya shingo, nikavipanua kwa tupa ya kunolea panga. Nilikaza kidogo kidogo, nimegeuza uso pembeni ili uzi ukikatika usinitoe jicho, na kila nilipokaza mbao zilitoa mlio ulionitia baridi. Halafu nikapiga. Mama alikuwa nje akichambua maharagwe. Alisimama mlangoni, ungo mkononi.

"Ni wewe huyo?" aliuliza.

Sauti ilikuwa imetoka tumboni mwa lile sanduku, ikajaza nyumba, ikatoka nje. Jirani wa nyumba ya nne alipaza sauti akitaka kujua harusi ni ya nani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nina watoto sasa, nina wajukuu, lakini furaha ya namna ile haijanirudia.

Ilidumu mpaka wimbo wa pili. Nyuzi nyembamba zinamsamehe mtu. Nyuzi nene usipozibana mpaka chini kabisa kwenye vyuma vya shingo zinakoroma, na kuzibana kwa vidole vilivyolainishwa na mafuta na maji ya moto ni kujikata mwenyewe. Siku ya tatu ncha zote nne za mkono wa kushoto zilikuwa zimepasuka. Alfajiri maji ya moto yaliingia kwenye nyufa nikauma meno. Mchana mafuta yakailainisha ile ngozi iliyoanza kufunga. Jioni nikaipasua tena. Nilijaribu chumvi. Nilijaribu majivu, mafuta ya taa, nikajaribu hata kuvishika vijinga vya moto. Wiki ya kwanza ilikwisha nikiwa nimerudi nyuma kuliko siku niliyoanza, wimbo wangu ukiwa umekatika vipande, na nikawa nakaa jikoni nimeshika shingo ya gita bila kupiga, nalia, mtu mzima mwenye ndevu. Mama alikuwa anajifanya hanioni.

Shamba lilikuwa na miti mingi ya miwati. Vibarua walibandua magome yake yakapelekwa kiwandani, kwa sababu maji ya magome hayo ndiyo yanayoigeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Hata pale pale shambani kulikuwa na pipa ambamo walitumbukiza ngozi za ndama waliokufa ili kupata kamba za kufungia maksai. Ngozi iliingia laini, inanuka, ikatoka ngumu ya rangi ya kahawia, haiozi wala haipasuki. Nilikuwa nimelipita lile pipa miaka yote bila kuliangalia. Siku hiyo nilisimama. Nikajiuliza, na hii yangu si ngozi?

Mpiga gita wa mjini asingewaza upuuzi huo. Angengoja vidole vikomae vyenyewe kama vya watu wote. Mimi sikuwa na muda wa kungoja, na nilikuwa nimezoea kuona ngozi ikitengenezwa kwa pipa. Nilichemsha magome kwenye mkebe wa zamani mpaka maji yakawa mekundu na mazito, yakapoa kiasi cha kuvumilika, nikatumbukiza vidole vinne vya kushoto, na vile viwili vya kulia ninavyopigia. Nilikaa hivyo kila jioni mpaka maji yalipopoa kabisa. Nikaacha pia kupaka mafuta ya kukamulia kwenye ncha. Nilijipaka viganjani tu, nyapara akipita aone mikono inang'aa.

Mwisho wa wiki ya pili ncha zangu zilikuwa nyeusi kama maganda ya kahawa, na hazikusikia kitu. Nikigonga meza nazo zilitoa sauti. Nilibana zile nyuzi mpaka chini, na gita likaimba kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho bila kukoroma hata mara moja. Nikaanza kuamini kwamba nitatoka kwenye lile banda la kukamulia na vidole vyangu vyote.

Sasa lazima nieleze habari za mzee aliyenifundisha kukamua, kwa sababu bila yeye hii ingekuwa hadithi ya mpumbavu na gita lake tu. Alitoka upande wa Kericho. Alikuwa na nafasi ya kukamulia iliyo jirani na yangu, na alikuwa mkali, mwenye maneno machafu, mpenda ugoro. Gita hakulipenda. "Hiyo sanduku yako," aliniambia, "inalia kama mbuzi imefungwa mguu." Lakini kwa ng'ombe alikuwa mtu mwingine. Aliwasalimia mmoja mmoja kabla ya kuwagusa. Kwake ng'ombe alikuwa na mkono wake mmoja anaoujua, na kumbadilishia mkono ovyo ulikuwa ukatili. Nilipoanza kazi alinipa ng'ombe wake mwenyewe ili nijifunzie, mmoja mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama, bora kuliko wote bandani. Alisema huyo ana subira na wajinga. Hakumchukua tena. Lakini kila asubuhi, akipita kuelekea mahali pake, alimpapasa mgongoni.

Yule mwekundu ndiye aliyenigundua kabla ya mtu yeyote. Alianza kuhamisha uzito wa miguu nilipomshika. Halafu siku moja, katikati ya wiki ya tatu, alinipiga teke, ndoo ikaruka, maziwa yakamwagika mpaka mlangoni. Kwa miaka mitatu hakuwahi kuninyanyulia mguu. Nilitazama chuchu nikaona mkwaruzo mwekundu upande wa nyuma, pale vidole vinapojikunjia. Nilitazama kidole changu cha kati nikaona ukingo wa ngozi iliyokufa umesimama, mkali kama mdomo wa mkebe uliofunguliwa kwa kisu.

Hapa nataka niseme ukweli, maana nimeuzungukazunguka kwa muda mrefu. Nilijua siku ile ile. Sikukisia, nilijua. Nilichukua jiwe la kusugulia nyayo nikausugua ule ukingo kidogo, kidogo tu, nisije nikapoteza ugumu. Nikajiambia zimebaki siku nne, ng'ombe hafi kwa siku nne.

Alhamisi daraja la gita, ule ubao mdogo unaoshikilia nyuzi tumboni, likaanza kung'oka. Fundi alikuwa amesema kweli. Kulikuwa na ufa ambao ungeweza kupitisha ukucha chini yake. Nilimwangukia nyapara anipe mchana mmoja, nikasema mama anahitaji dawa. Mzee akasema atanikamulia ng'ombe wangu, hakuuliza kwa nini. Mjini yule fundi alitikisa kichwa, akasema, "Mimi nilisema," kisha akatoboa daraja matundu mawili na kulifunga kwa skrubu, nyeusi, mbaya kwa macho, imara. Nilirudi jua likiwa bado halijazama. Mzee alikuwa nje ya banda akinawa mikono.

"Ng'ombe yako, ile nyekundu," alisema. "Iko na kidonda."

"Labda ni inzi, mzee."

Alikausha mikono kwenye suruali yake bila haraka. "Inzi," alisema. Baadaye niligundua kwamba alikuwa ameshampaka mafuta, na kwamba hakumwambia nyapara.

Ijumaa alfajiri bwana mwenyewe aliingia bandani. Alikuwa na tabia ya kuja siku asiyotarajiwa, na taa yake na mbwa wake. Sheria yake ilikuwa kwamba maziwa ya kwanza ya kila chuchu yakamuliwe kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi, kwa sababu kwenye weusi ndipo ugonjwa wa kiwele unapoonekana. Alisimama kando yangu. Nilikamua yule mwekundu kwenye kitambaa, na pale juu ya weusi yakakaa madonge, na katikati ya madonge, damu.

Aliinama na taa. Alitazama chuchu kwa muda mrefu.

"Nani nakamua hii ng'ombe jana mchana?"

Mzee aliinuka kwenye kigoda chake.

"Ni mimi, bwana," alisema mzee. Na ilikuwa kweli.

"Lete mkono."

Kucha zetu zilikaguliwa kila Jumatatu, zilitakiwa ziwe fupi mpaka kwenye nyama. Mzee peke yake alikuwa na ukucha mrefu wa kidole gumba, wa kuchotea ugoro, na nyapara alikuwa ameufumbia macho tangu zamani kwa sababu kila mtu alijua jinsi mzee alivyokamua, gumba limekunjwa mbali, ukucha usimguse ng'ombe hata kwa bahati mbaya. Bwana hakujua. Alikishika kile kidole akakiinua kwenye taa. Akatazama ukucha, akatazama kidonda, akatazama ukucha tena.

"Wewe toka shamba yangu," alisema. "Kesho asubuhi hapana ona wewe hapa."

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, hatua mbili kutoka walipokuwa, ngumi nimezifumba. Ilitosha niseme kwamba si yeye. Nilimwona mama barabarani na mzigo wake, akisimamishwa na kila askari. Niliiona Jumapili, gari la santuri likipakia mashine na kuondoka bila mimi. Niliwaza mkono wa baba na kile kifungo cha shati. Mzee alinitazama mara moja tu, na hakunitazama usoni. Alitazama ngumi zangu.

Nikarudisha kichwa ubavuni mwa yule ng'ombe nikaendelea kukamua.

Jioni nilikwenda kwake. Yeye na mkewe walikuwa wakifunga vitu vyao, ngozi mbili za kulalia, sufuria, kibuyu cha maziwa. Walikuwa wanarudi rizavu, ardhi waliyotengewa watu wa kabila lake, mahali alikoondoka akiwa kijana, na sidhani kama alimjua mtu huko. Mkewe aliponiona alitoka nje akatuacha.

"Leta mkono," alisema mzee.

Nilimpa wa kushoto. Aliugeuza kwenye mwanga wa mlango, akabonyeza ncha moja moja.

"Umetengeneza na nini?"

"Magome ya miwati."

"Magome ya miwati." Alirudia maneno hayo kama mtu anayesoma barua mbaya. "Wewe umejipika kama ngozi ya ndama. Kwa sababu ya ile sanduku."

"Nitakwenda kwa bwana sasa hivi, mzee. Nitamwambia ni mimi."

"Halafu? Atanirudisha? Hapana. Atafukuza wewe pia, na mama yako. Kaa kimya."

"Nisamehe, mzee. Nisamehe."

"Hiyo wacha. Mimi naomba kitu moja tu." Alikuwa bado ameushika mkono wangu. "Kesho asubuhi ni wewe utakamua yeye. Hii ngozi toa. Toa leo, na wembe, paka mafuta. Yeye hana kosa."

"Nitatoa."

"Leo."

"Leo, mzee."

Aliniachilia mkono. Akaendelea kufunga mzigo, na alionekana ametulia kidogo, kama mtu aliyemaliza shughuli.

Nilikaa jikoni na wembe. Mama aliniuliza kama nina mwiba, nikamjibu ndiyo. Niliweka makali kwenye kidole cha kwanza, nikakata kijisehemu kama ukucha wa mtoto, na chini yake nikaona ngozi ya waridi, changa, yenye maji. Nilijua ngozi ile ikikutana na uzi mnene itafanya nini. Ilikuwa Ijumaa. Nilibaki nimeshika ule wembe mpaka chai niliyowekewa ikawa baridi na utando. Nilimchukia mzee kwa kuniomba kitu kidogo kiasi kile. Angeniomba pesa, angenitukana, angenipiga, ningevumilia. Halafu nikaurudisha wembe kwenye karatasi yake.

Nilimkamua yule mwekundu mara mbili Jumamosi na mara moja Jumapili alfajiri. Hakupiga teke tena. Alitetemeka tu, ngozi yote ya ubavu ikicheza chini ya shavu langu, na mimi nilifumba macho.

Kule ukumbini nilisikika. Nilipiga wimbo wote bila kusimamishwa, daraja la skrubu likashika, kila uzi ukatoa sauti yake, na nilipomaliza yule mzungu alichungulia kutoka nyuma ya blanketi akitabasamu. "Sasa hii ndiyo gita," alisema karani. Nilitia kidole gumba kwenye karatasi. Nikatoka nje, nikapanda lori la maziwa kurudi Njoro.

Ngozi niliitoa jioni hiyo, vidole vyote, mpaka kwenye nyama. Haikunigharimu kitu tena. Nilipaka mafuta mengi. Jumatatu nilimshika yule ng'ombe kwa mikono laini kama ya siku ya kwanza, na kiwele chake kilikuwa kimoto na kigumu kama jiwe. Chuchu ile ilikufa, kisha na ya pili. Daktari wa mifugo alikuja mara mbili. Kabla mwezi haujaisha bwana akamuuza kwa bucha, na mimi ndiye niliyeambiwa nimpeleke kwenye lori kwa sababu ni wangu. Alinifuata bila kuvutwa.

Santuri ilitoka. Ilipigwa katika hoteli za chai za Nakuru na mpaka Molo, watu wakaanza kuniita nikapige kwenye sherehe zao, na baada ya mwaka mmoja nilimtoa mama shambani nikamtafutia chumba mjini. Nilipata nilichokitaka. Hakuna aliyenifukuza, bwana alinipa mkono wa kwaheri.

Ilipita miaka kadhaa. Hali ya Hatari ilikuwa inaelekea kwisha. Mchana mmoja nilikuwa katika hoteli karibu na stesheni, nikasikia mtu anagombana na mhudumu kwamba chai haina maziwa ya kutosha, nikaijua sauti kabla sijageuka. Alikuwa amekonda, meno mengine hayapo. Alikuwa amekuja mjini kununua dawa ya kupe. Aliponiona alipiga meza kwa furaha.

"Kijana! Kaa hapa. Lete chai ingine!"

Aliuliza habari za mama. Aliuliza nani bado yuko bandani. Nilijibu huku nikingoja anitukane, na hakunitukana. Chai ilipoletwa alisogeza kiti karibu.

"Na yeye? Ile nyekundu. Kiwele ilipona?"

Naapa sikuwa nimepanga. Nilimtazama yule mzee, amepoteza kila kitu kwa ajili yangu, na kitu kimoja alichoniomba kilikuwa bado kinamsumbua miaka yote ile. Nilitaka akipate.

"Ilipona, mzee. Ilipona kabisa."

"Ee! Na nani anakamua yeye sasa?"

"Ni mimi. Mimi mwenyewe, kila siku."

Alicheka kwa sauti, watu wakageuka. Alinyoosha mkono juu ya meza akaushika wangu wa kushoto kwa mikono yake miwili, akautikisa kama mtu anayepongeza. Kisha akaacha kutikisa. Kidole chake gumba kilikuwa kimegusa ncha ya kidole changu cha kati. Nilikuwa napiga gita kila siku wakati huo, kwa nyuzi zile zile nene, na ngozi ilikuwa imejikomaza yenyewe, ngumu kuliko ya magome. Alipapasa ncha ya pili. Akapapasa ya tatu na ya nne, polepole, akitazama dirishani. Nilitaka kuuvuta mkono na sikuthubutu.

Aliuweka mezani, kando ya kikombe changu.

"Kunywa," alisema. "Chai inapoa."